Majitaka yamerudi ndani ya nyumba: nani anafidia, na uanzie wapi?

"Habari za kazi, mhandisi. Tunaishi Makole, hapa Dodoma mjini, katika nyumba tuliyoinunua kwa mkopo wa benki miaka minne iliyopita, na imeunganishwa na bomba la majitaka la mji. Usiku wa Jumanne, baada ya mvua kubwa iliyoanza magharibi, majitaka yalipanda kupitia tundu la sakafu ya bafu, yakaingia kwenye korido, sebuleni na chumba cha watoto hadi usawa wa kifundo cha mguu. Magodoro mawili, zulia, sofa, kabati na friji vimeharibika, na chumba cha uani anachopanga kijana mmoja nacho kimeingiliwa. Fundi aliyekuja asubuhi anashauri tumwage asidi, na ikishindikana tuvunje chemba ya mwisho tuelekeze bomba kwenye mfereji wa barabarani. Ofisa wa benki amenijibu kwa simu kwamba bima ya nyumba ipo, ila 'mambo ya choo hayalipwi'. Mtandaoni nimesoma kwamba anayelipwa ni yule tu aliyelipia nyongeza maalumu ya majitaka. Je, ni nani anayetakiwa kulipa? Nisafishe sasa au niwasubiri wakaguzi? Na nifanyeje yasirudi, maana mvua bado zinaendelea?"

Ndugu yangu, pole sana wewe na familia yako. Nitaanza na swali lako la katikati kwa sababu ndilo lisiloweza kusubiri: safisha leo. Hakuna mkataba wa bima unaokutaka uwaache watoto walale juu ya majitaka hadi mkaguzi afike. Kinyume chake, mikataba karibu yote humtaka mwenye bima achukue hatua za busara kuzuia hasara isiendelee kukua, na anayekaa akisubiri anaweza kuambiwa baadaye kwamba sehemu ya hasara ameisababisha mwenyewe. Ila kabla ya ndoo ya kwanza kumwagwa nje, tumia saa moja kukusanya ushahidi, kwa sababu katika madai ya namna hii kinachobishaniwa ni chanzo cha maji zaidi ya kiasi cha uharibifu, na dalili za chanzo hupotea mara tu bomba linapozibuliwa na sakafu kupigwa deki.

Zima kwanza umeme kwenye swichi kuu, na kama swichi hiyo iko upande uliolowa usiikaribie. Waite TANESCO wakate wao. Kisha piga picha na video za kila chumba, ukiweka futikamba ukutani kwenye alama ambayo maji yaliiacha. Piga picha kila kitu kilichoharibika kikiwa mahali pake, pamoja na kibandiko cha nyuma ya friji chenye namba yake. Piga picha za barabara mbele ya nyumba na, kama majirani wana picha za usiku ule, ziombe sasa kabla hazijafutwa kwenye simu zao. Halafu nenda kwenye chemba, kwa kuwa humo ndimo jibu la swali lako la fidia lilimo, na ili unielewe ni lazima nieleze kwanza jinsi mfumo huu unavyofanya kazi.

Majitaka ya nyumbani hutembea kwa mteremko peke yake. Bomba la inchi 4 linalotoka bafuni na chooni hulazwa likishuka taratibu, kwa kawaida kati ya sentimita 1.5 na 2.5 katika kila mita, likapita chemba moja baada ya nyingine hadi chemba ya mwisho ndani ya uzio, kisha likaingia bomba kuu la barabarani linalopeleka maji kwenye mabwawa ya kutibu majitaka. Mahali popote bomba linapoziba, maji ya nyuma ya kizuizi hujaa, na yakishajaa hupanda hadi yapate uwazi ulio chini kuliko mwingine wote. Katika nyumba zetu uwazi huo karibu kila mara ni tundu la sakafu ya bafu, kwa sababu bakuli la choo cha kukaa liko juu yake kwa kiasi cha sentimita 40 na sinki liko juu zaidi. Ndiyo maana watu hudhani bafu ndilo lenye hitilafu, wakavunja marumaru bila sababu, wakati kizuizi kiko mita 30 kutoka hapo. Na kama kizuizi kiko kwenye bomba kuu, maji yaliyoingia sebuleni kwako si yako peke yako: ni ya nyumba zote zilizo upande wa juu wa mtaa, ambazo wenyewe waliendelea kuoga na kufua bila kujua kwamba maji yao yanatokea kwako.

Mvua inaingiaje hapo? Bomba kuu la majitaka halikukusudiwa kubeba maji ya mvua, lakini huyapata kwa njia nyingi. Wapo wanaounganisha mabati yao na chemba ili uani kusituame maji. Wapo wanaoinua mfuniko wa chemba wakati wa mvua ili dimbwi lipungue. Ipo mifuniko iliyoibwa na kuuzwa kama chuma chakavu, na tundu lililobaki wazi humeza maji pamoja na mchanga wa barabarani. Dodoma hupata mvua ya wastani wa milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, ambayo si nyingi, lakini karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili, mara nyingi kwa kishindo cha saa chache. Kabla ya hapo tunakuwa na miezi mingi mikavu ambamo mafuta ya jikoni yanaganda ndani ya mabomba na mchanga unatulia chini, ukiwamo ule mchanga na majivu tunayosugulia masufuria kisha tukayamimina kwenye karo. Katika miezi hiyohiyo mizizi ya miarobaini, ambayo tumeipanda karibu kila uani kwa ajili ya kivuli, hufuata unyevu na kupenya kwenye maungio ya mabomba ya zamani. Mvua ya kwanza kubwa hukuta bomba limeshakuwa jembamba. Kwa hiyo kusema "ni mvua tu" ni kutaja nusu ya sababu, na kampuni ya bima itakuuliza nusu ya pili.

Sasa fungua chemba ya mwisho iliyo ndani ya uzio wako, au mwombe mtu mzima mwenye nguvu ainue mfuniko huku ninyi wengine mkisimama mbali. Mtu yeyote asiingie wala asiinamishe kichwa ndani. Ile gesi yenye harufu ya yai viza inapokuwa nyingi hulevya pua, ikaacha kunuka, kisha humwangusha mtu bila onyo. Wanaokufa ndani ya makaro na chemba mara nyingi huwa wawili au watatu, kwa sababu wa pili hushuka kumwokoa wa kwanza. Tazama kutoka juu tu. Kama chemba imejaa hadi karibu na mfuniko, kizuizi kiko mbele yake, kuelekea barabarani. Kama ni tupu ilhali bafu bado linarudisha maji, kizuizi kiko kati ya nyumba na chemba hiyo, yaani ndani ya bomba lako. Funga pia maji yote ya nyumbani kwa nusu saa, hakuna kuoga wala kuvuta choo, kisha angalia: usawa ukiendelea kupanda wakati ninyi hamtumii maji, yanayopanda ni ya wengine, na hilo ni jambo la bomba kuu. Rekodi uchunguzi huu wote kwa video, ukitaja kwa sauti tarehe na saa.

Tuje kwenye bima. Maneno ya ofisa wa benki kwamba "mambo ya choo hayalipwi" yaweke kando. Yeye si kampuni ya bima, na uamuzi wa dai lako hautolewi kwa simu; kama dai litakataliwa, una haki ya kulidai jibu hilo kwa maandishi, likitaja kifungu cha mkataba kilichotumika. Uliyoyasoma mtandaoni nayo yana ukweli, ila ni ukweli wa Marekani. Huko mikataba ya kawaida ya bima ya nyumba kwa kawaida huondoa waziwazi hasara ya maji yanayorudi kupitia mabomba ya majitaka, na mwenye nyumba anayetaka kinga hiyo huinunua kama nyongeza, huku mafuriko yakiwa na bima yake ya pekee ambayo kwa sehemu kubwa hutolewa kupitia mpango wa serikali ulioanzishwa mwaka 1968. Usiyabebe maelezo hayo ukayaweka juu ya mkataba ulioandikwa Tanzania.

Bima ya nyumba inayouzwa kwetu kwa kawaida imejengwa juu ya bima ya moto, ikaongezewa orodha ya majanga mengine: radi, mlipuko, tetemeko la ardhi, tufani na mafuriko, ghasia, kugongwa na gari, na kupasuka au kufurika kwa matangi, vifaa na mabomba ya maji. Lililotajwa katika orodha ndilo lililokatiwa bima. Lisilotajwa halimo, hata kama ni la kusikitisha kiasi gani. Neno "majitaka" huenda usilione kabisa, na kutoonekana kwake hakumaanishi kwamba umekosa, wala kwamba umepata. Unayo milango miwili ya kujaribu. Wa kwanza ni wa tufani na mafuriko: ukiweza kuonyesha kwamba mvua ya usiku ule ndiyo iliyojaza mfumo na kuyasukuma maji ndani, dai lako linaweza kusimama hapo. Lakini soma tafsiri ya neno mafuriko ndani ya mkataba wenyewe, kwa kuwa baadhi ya mikataba huhesabu kuwa mafuriko pale tu maji yanapofunika ardhi ya nje na kuingia kutoka huko, na ndiyo sababu nilikuomba picha za barabara. Mlango wa pili ni wa kufurika kwa mabomba. Hapa kampuni inaweza kusema kwamba kifungu kinahusu mabomba ya majisafi pekee. Ikiwa maneno ya kifungu hayakusema hivyo waziwazi, unayo hoja nzuri, kwani kanuni ya sheria ya mikataba ni kwamba maneno yenye utata hufasiriwa dhidi ya aliyeyaandika, na aliyeyaandika ni kampuni.

Kisha ipo sehemu ya mkataba ambayo wengi hawaifikii, ile ya mambo yasiyofidiwa. Uchakavu, uharibifu wa polepole, kasoro za ujenzi na ukosefu wa matengenezo karibu kila mara vimo humo. Mkaguzi akikuta bomba lako mwenyewe limezibwa na nepi, vitambaa au mafuta ya miaka mingi, atayaita hayo matengenezo ambayo yalikuwa wajibu wako, na kwa kusema kweli atakuwa na haki. Akikuta bomba lako safi na bomba kuu limefurika, hawezi kukubebesha. Majitaka ni yaleyale, chumba kilekile, godoro lilelile. Kinachobadilisha jibu ni mahali kizuizi kilipokuwa na kilichokisababisha. Kwa hiyo uchunguzi wa chemba una thamani kubwa kwako kuliko barua kumi za kulalamika.

Sasa nikuambie jambo ambalo ninahofia zaidi katika suala lako. Bima inayokatwa kupitia mkopo wa nyumba kwa kawaida hulinda maslahi ya benki, na benki haina maslahi katika sofa yako. Mara nyingi hulinda jengo peke yake: kuta, sakafu, milango, dari, nyaya zilizomo ukutani. Vitu vya ndani ni bima nyingine, au ni kipengele kingine kinacholipiwa pembeni. Kama hali ni hiyo, magodoro, zulia, sofa, kabati na friji huenda visifidiwe hata chanzo kikithibitika kuwa ni janga lililokatiwa bima, na kitakachobaki ni milango iliyovimba, plasta iliyolowa na gharama ya kusafisha. Ukitoa hapo kile kiasi cha mwanzo ambacho mwenye bima hubeba mwenyewe katika kila dai, huenda kikabaki kidogo. Sikuelezi haya ili ukate tamaa, bali usije ukakopa fedha ya kununua samani mpya kwa kutegemea malipo ambayo hayamo katika mkataba.

Nenda benki uombe nakala kamili ya mkataba wa bima, pamoja na jedwali lake na nyongeza zote, si ile karatasi moja ya kuthibitisha kwamba bima ipo. Wewe ndiwe unayekatwa ada, na kuomba nakala ni jambo halali kabisa. Iwapo umeandikwa kwa Kiingereza kisichoeleweka kirahisi, mwombe wakala au dalali wa bima aliyesajiliwa akusomee kifungu kwa kifungu. Wakati huohuo, leo hii, toa taarifa ya maandishi kwa benki na kwa kampuni ya bima, hata kama bado hujui kiasi cha hasara. Mikataba hutaka taarifa ya mapema na hutaja siku za kuwasilisha maelezo kamili. Kuchelewa ni sababu nyepesi ya kukataliwa ambayo hupaswi kumpa mtu. Katika barua eleza ulichokiona na usikisie. Ukiandika "choo chetu kimeziba" kabla ya kujua, umejifunga kwa sentensi yako mwenyewe. Andika kwamba majitaka yaliingia kupitia tundu la sakafu saa fulani, mvua ikinyesha, na kwamba chanzo kinachunguzwa.

Jiandae pia kwa hesabu mbili zinazowashangaza wengi. Kitu kilichotumika hulipwa kwa thamani yake ya sasa, isipokuwa mkataba umesema utapewa kipya. Na kama nyumba imekatiwa bima chini ya thamani yake, fidia hupunguzwa kwa uwiano uleule: tuseme, kwa mfano tu, kulijenga upya jengo kungegharimu shilingi milioni 80 na limekatiwa milioni 40, basi hasara ya milioni 6 italipwa kama milioni 3, kabla ya kuondoa kiasi unachobeba mwenyewe. Hili huwapata wengi waliokatiwa bima kulingana na baki la mkopo badala ya gharama ya kujenga.

Kampuni ikikataa na ukaona sababu yake haina msingi, jibu kwanza kwa maandishi kwa kampuni yenyewe. Ikishindikana, hapo juu wapo Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania, yaani TIRA, na Msuluhishi wa Migogoro ya Bima aliyeanzishwa chini ya Sheria ya Bima ya mwaka 2009 kwa ajili ya migogoro kama hii. Ni njia nyepesi kuliko mahakama, na ningependa watu wengi zaidi waijue.

Umeuliza pia nani anatakiwa kulipa, na bila shaka umeifikiria mamlaka ya maji. Toa taarifa DUWASA mara moja, kwanza kwa sababu wao ndio wenye vifaa vya kuzibua bomba kuu, na pili kwa sababu taarifa hiyo ni ushahidi. Chukua namba ya taarifa, andika jina la uliyezungumza naye na saa. Mafundi wao wakifika, uwepo. Tazama wanachokitoa, iwe mizizi, mchanga au nguo, kipige picha, na uombe maelezo ya maandishi ya mahali kizuizi kilipokutwa. Kwa kawaida bomba la kutoka nyumbani hadi linapoungana na bomba kuu ni la mteja, na bomba kuu ni la mamlaka. Hata hivyo, kizuizi kuwa kwenye bomba kuu hakufanyi fidia kuwa ya moja kwa moja. Kwa kawaida utahitaji kuonyesha uzembe, kwa mfano kwamba chemba ileile iliripotiwa kufurika mara kadhaa na haikushughulikiwa. Waulize majirani kama waliwahi kuripoti, na waombe namba zao za taarifa. Mkikuta nyumba tatu au nne mmeathirika, andikeni pamoja kupitia ofisi ya serikali ya mtaa, na mwombeni ofisa afya wa kata akague na aandike taarifa. Malalamiko yasiyojibiwa hupelekwa EWURA, ambayo ndiyo inayosimamia mamlaka za maji. Kama kampuni ya bima itakulipa na ikaona kuna mwingine aliyekosea, itamfuata yenyewe. Kwa hiyo usisaini na mtu yeyote karatasi ya kusamehe madai kabla hujazungumza nayo.

Kuhusu kijana wako wa uani, vitu vyake ni vyake, na bima ya jengo haivigusi. Mwambie mapema ili apige picha na kuorodhesha hasara yake mwenyewe. Ikibainika kwamba kizuizi kilikuwa ndani ya bomba lako na ulikuwa umeshaambiwa, anaweza kuwa na madai dhidi yako, na ni heri mkae mkazungumze mapema kama watu wa nyumba moja.

Turudi kwenye usafi, kwa kuwa fidia ikichelewa mtavumilia, lakini maradhi hayachelewi. Majitaka hubeba vimelea vya kipindupindu, homa ya matumbo, kuhara damu na homa ya ini aina ya A, pamoja na mayai ya minyoo yanayoweza kuishi muda mrefu kwenye udongo. Watoto wahamie kwa ndugu au jirani kwa siku hizi. Anayesafisha avae gambuti na glovu za mpira, afunike jeraha lolote, na asile wala kushika simu kwa mikono hiyo. Ondoeni kwanza uchafu wote, kisha osheni sakafu na kuta kwa maji na sabuni hadi zionekane safi, na hapo ndipo mtumie klorini. Utaratibu huu una sababu: uchafu hula klorini, na anayeimwaga juu ya matope hupata harufu ya usafi bila usafi wenyewe. Dawa ya klorini ya madukani, ile tunayoiita jiki, ikiwa kibandiko chake kinasema asilimia 3.5, changanya kipimo kimoja na vipimo sita vya maji, paka hadi juu ya alama ya maji, acha dakika zisizopungua 10, kisha suuza na ufungue madirisha. Usiichanganye kamwe na asidi ya kusafishia choo, wala usiimwage mahali palipomwagwa asidi, kwani hutoa gesi ya sumu inayochoma mapafu.

Godoro na zulia lililolowa majitaka usijaribu kuliokoa, hata kama jua letu linakausha kila kitu. Kinachokauka ni maji; vimelea na uchafu wa katikati hubaki. Sofa ya sponji ni vivyo hivyo, na kabati la mbao za maranda yaliyogandamizwa litavimba na kumeguka. Vitoeni nje, mviweke pamoja chini ya turubai ili mkaguzi avione, na kama ofisa afya ataagiza viteketezwe mapema, kata kipande cha kila kimoja, kiweke kwenye mfuko uliofungwa na uandike tarehe. Vyombo, viti vya plastiki na mbao ngumu huoshwa na kutakaswa. Friji isiwashwe mpaka fundi wa umeme aifungue.

Kuna kitu hukukitaja, nacho kinanisumbua. Kwa sababu ya mgao wa maji, nyumba nyingi za Dodoma zina tangi la chini ya ardhi, na mfuniko wake mara nyingi uko usawa wa sakafu ya uani. Kama unalo, na majitaka yalifika hapo, yachukulie maji yake kuwa yamechafuka hata kama yanaonekana maangavu. Usiyapandishe kwenye simtanki kwa pampu. Yamwageni, tangi lisuguliwe, litakaswe kwa klorini na lisuuzwe. Nalo ni mahali pa hatari penye hewa finyu, kwa hiyo aingie mtu mwenye kamba na mwenzake juu. Hadi hapo, maji ya kunywa, kupikia na kuoshea vyombo yatoke kwingine. Na katika siku zijazo, mtu yeyote wa nyumbani akiharisha maji meupe kama ya kuoshea mchele, mpeni maji yenye chumvichumvi za kurudisha maji mwilini (ORS) huku mkimpeleka hospitali, msingoje kupambazuke. Aliyejikata wakati wa kusafisha naye aende kituo cha afya kuulizia chanjo ya pepopunda.

Mashauri ya fundi wako yote mawili yakatae. Asidi haiyeyushi mchanga, mizizi wala nepi. Hula maungio na saruji ya chemba, na humchoma fundi wa pili atakayekuja na fimbo za kuzibulia bila kujua. Kuelekeza majitaka kwenye mfereji wa mvua ni kosa kisheria, na ni kuyapeleka mbele ya milango ya watoto wa jirani. Tena kungeipa kampuni ya bima sababu ya kukukatalia, kwa kuwa utakuwa umeharibu chanzo kabla hakijakaguliwa.

Marekebisho ninayokushauri yana ngazi tofauti za gharama, na ningeanza na la bei nafuu. Mwombe fundi anayejua kupima usawa ajenge nje ya nyumba, kwenye bomba linalotoka bafuni, tundu lenye wavu usiofungwa kwa saruji, mdomo wake ukiwa chini ya sakafu ya ndani kwa sentimita 15 au zaidi lakini juu kidogo ya ardhi inayolizunguka ili maji ya mvua yasiingie. Majitaka yakirudi siku nyingine yatafurika uani kabla ya kufika bafuni, nanyi mtapata onyo. Kama nyumba imejengwa chini ya usawa wa barabara na nafasi hiyo haipo, hapo ndipo inapofaa valvu ya njia moja, inayofungwa ndani ya chemba yake baada ya matawi yote ya mabomba ya nyumba kuungana. Ni kifaa kizuri chenye masharti mawili. Kikijifunga kwa sababu ya maji ya nje, maji yenu pia hayatoki, hivyo mkioga au kuvuta choo wakati huo mtajifurikisha wenyewe. Na ni lazima kifunguliwe na kusafishwa, angalau kabla ya mvua za Desemba na tena katikati ya msimu, kwa kuwa nywele na vitambaa hukizuia kufunga sawasawa. Tunza risiti za usafishaji huo pamoja na picha, maana ndizo zitakazojibu hoja ya kutofanya matengenezo iwapo utadai tena.

Kabla ya kulipia chochote kati ya hivyo, mlete mhandisi au fundi bomba mwenye uzoefu aje apime mwenyewe usawa wa sakafu, chemba na barabara. Kwa maandishi siwezi kukupimia. Mlete pia ukiona sakafu inatitia, nyufa mpya ukutani, au bomba linaloziba tena ndani ya wiki chache baada ya kuzibuliwa, kwani hizo ni dalili za bomba lililovunjika au kuhama ardhini, na huhitaji kamera ya kupita ndani ya bomba. Mwanasheria mtafute tu kama hasara ni kubwa na DUWASA au kampuni ya bima imekukatalia kwa maandishi.

Na unapokwenda benki kuchukua nakala ya mkataba, uliza jambo moja zaidi ukiwa palepale: ada ya kuongeza vitu vya ndani na kifungu kinachotaja majitaka waziwazi ni kiasi gani. Nyongeza hiyo haitagusa hasara ya Jumanne, kwa sababu bima haikatwi kwa jambo lililokwisha kutokea, na tukio hili utatakiwa kulitaja kwa ukweli katika fomu. Likitajwa pamoja na picha za tundu jipya au valvu iliyokwisha kufungwa, mazungumzo na kampuni huwa mepesi zaidi.